Aliyefia korokoroni: Maiti ina mengi ya kueleza

HABARI ya mtu kufia korokoroni haichukui muda kuenea katika miji kama Lodwar na Kakuma. Kabla jua halijapanda huwa imefika sokoni, kwenye vituo vya bodaboda na kwenye foleni za maji. Na mara nyingi huja na maelezo mawili. Polisi husema marehemu alijinyonga kwa shati lake, au alijigonga ukutani, au alikuwa mgonjwa tangu hapo. Jamaa zake husema aliondoka nyumbani akiwa mzima, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Wewe msomaji hukuwemo ndani ya seli hiyo, wala jirani anayekusimulia hakuwemo. Shaka yenu inaweza kuwa na msingi mzuri, lakini shaka peke yake haiwezi kumtia mtu hatiani wala kumwondolea mtu lawama. Kinachoweza kusaidia ni mwili wa marehemu wenyewe, ukichunguzwa mapema na daktari anayeijua kazi hiyo, huku familia ikiwa na mtu wake chumbani. Katika Turkana, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, muda wa kufanya hivyo ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Makala haya yanaeleza mambo yanayoweza kumuua mtu akiwa seli, jinsi daktari anavyoyatambua, na yale ambayo familia inapaswa kufanya kabla maiti haijaharibika au kuzikwa.

Kwa nini watu hawaamini

Mnamo Juni 7, 2025, Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay kuhusiana na maandishi ya mtandaoni juu ya afisa mmoja wa ngazi za juu wa polisi. Alisafirishwa kwa gari zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi na kufungiwa katika Kituo cha Polisi cha Central. Siku ya pili alikuwa amekufa. Taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli.

Juni 10, madaktari watano waliichunguza maiti yake wakiongozwa na Dkt Bernard Midia. Walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine sehemu nyingi za mwili. Dkt Midia alieleza kwamba mtu akijigonga ukutani, damu hutarajiwa kuvilia hasa upande wa mbele wa kichwa. Ya Ojwang ilikuwa imevilia usoni, pembeni na kisogoni. Siku iliyofuata, Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, alikiri mbele ya maseneta kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa sahihi, akaomba radhi. Kabla ya mwezi huo kwisha watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Hatia yao ni jambo la mahakama kuamua. Lakini maelezo ya ukuta hayakuangushwa na maandamano wala na uvumi. Yaliangushwa na uchunguzi wa maiti uliofanywa siku mbili tu baada ya kifo.

Wakati huo huo, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, iitwayo IPOA kwa ufupi, iliwaambia maseneta kwamba watu 20 walikuwa wamekufa wakiwa mikononi mwa polisi katika muda wa miezi minne.

Miaka minne kabla ya hapo, Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, walikamatwa usiku kwa kukiuka kafyu ya wakati wa korona. Jamaa waliwapata baadaye wakiwa maiti mochari. Polisi walisema vijana hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Baada ya uchunguzi, maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji.

Jambo hili ni la zamani, na Turkana yenyewe ina sehemu yake katika historia hiyo. Wakati wa ukoloni, Lokitaung na Lodwar zilikuwa mahali pa kuwaficha wafungwa wa kisiasa. Mwaka wa 1958 wafungwa wa Lokitaung walifanikiwa kupenyeza barua hadi gazeti la The Observer la London, wakilalamika jinsi walivyokuwa wakitendewa. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 walikufa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Madaktari walipopasua maiti, walikuta kwamba wafungwa hao walikuwa wamepigwa. Uchunguzi wa hakimu ukathibitisha kwamba vifo vilitokana na mapigo. Mwezi uliofuata Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, naye akahamishiwa Lodwar.

Kwa hivyo, msomaji, mwananchi anayesita kuamini taarifa ya kwanza hana wazimu. Anakumbuka tu. Aliyekuwa na ufunguo wa seli ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kueleza kilichotokea ndani, na hapo ndipo shaka huanzia.

Si kila kifo ni kipigo

Hata hivyo, haki inatudai tuseme pia kwamba mtu anaweza kufia seli bila kuguswa na mtu yeyote. Daktari huanza kazi yake akiwa tayari kukuta lolote.

Chukulia mfano wa mwanamume aliyekamatwa Kakuma Ijumaa jioni. Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Lakini saa hizo zikimalizikia wakati mahakama imefungwa, anaweza kukaa hadi siku ya kazi inayofuata. Maana yake ni kwamba mtu wetu anaweza kulala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Katika siku hizo tatu, magonjwa haya yanaweza kumuua:

Jeraha la kichwa linalodhaniwa ni ulevi. Hili ni la hatari kuliko yote. Mtu ameanguka na pikipiki au amepigwa rungu kwenye ugomvi wa baa. Anafika kituoni akiyumba na kunuka pombe, naye anaachwa alale ulevi umtoke. Kumbe ndani ya fuvu kuna mshipa unaovuja damu. Anaweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa, kisha akalala na asiamke. Mlevi asiyeamka anapoitwa na kutikiswa, anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anayetapika mara kwa mara au ambaye mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mahali pake ni hospitali. Seli haimfai hata kwa saa moja.

Kukatizwa pombe ghafla. Mtu aliyezoea chang'aa kila siku kwa miaka mingi huanza kutetemeka na kutokwa jasho saa chache baada ya kuikosa. Anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, kupiga kelele na kujirusha. Askari asiyejua humwona mkorofi, kumbe ni mgonjwa anayeweza kufa.

Dawa zilizokatizwa. Mwenye kisukari akikosa insulini, mwenye kifafa akikosa vidonge vyake, au mwenye pumu akinyimwa kifaa chake cha kuvuta dawa, siku mbili zinatosha kumfikisha mahali pabaya.

Joto. Seli ndogo ya mabati au simenti iliyojaa watu, bila hewa ya kutosha na bila maji, huwa kama tanuri. Joto la mwili likipita nyuzi 40, mtu huchanganyikiwa, kisha huzirai. Asipopozwa upesi kwa maji na upepo, hufa.

Lakini usifikiri kwamba kwa kuwa kifo kilitokana na ugonjwa, basi mambo yameisha. Aliyefungiwa hawezi kwenda dukani kununua maji wala kupanda gari kwenda hospitalini. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka seli ziwe mahali panapofaa binadamu kuishi, na mtu aliyezuiliwa apate matibabu. Kwa hivyo swali la pili hubaki pale pale: nani alimwona akiugua, saa ngapi, na alifanya nini?

Kipigo kinachoua baada ya siku kadhaa

Kuna kifo kingine kinachowapita watu wengi kwa sababu hakitokei ndani ya seli. Mtu amepigwa mapaja, makalio na mgongo kwa rungu au mpira. Hakuna mfupa uliovunjika, wala damu haikumwagika. Anaachiliwa, anarudi nyumbani akichechemea, na kila mtu anamshukuru Mungu. Baada ya siku chache anaanza kuvimba na kutapika. Wiki haijaisha, amekufa. Watu husema ni malaria, au ni mkono wa mtu.

Madaktari wanajua kinachotokea. Misuli iliyopondwa hutoa ndani ya damu vitu ambavyo figo haziwezi kuvichuja. Figo huziba na kushindwa kufanya kazi. Madini ya potasiamu hujaa katika damu hadi moyo ukasimama. Hatari huwa kubwa zaidi mwilini mukiwa na upungufu wa maji, na katika Turkana upungufu huo ni jambo la kila siku.

Dalili ya kutazama ni mkojo. Ukiwa mchache na wenye rangi ya kahawia kama chai ya rangi, mpeleke mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar, Hospitali ya Misheni Kakuma au hospitali ya kambi. Mwambie daktari wazi kwamba alipigwa, lini, na kwa kitu gani. Omba apimwe mkojo na damu ili hali ya figo ijulikane. Maji ya mishipani yakianza mapema, wengi hupona. Na akifariki, kifo hicho kichunguzwe kama kilichotokea kituoni, hata kama alikata roho akiwa kitandani mwake.

Maiti inavyosoma

Sasa tuingie chumba cha maiti. Kuna mambo ambayo jamaa hukosea kuyafasiri kwa sababu ya uchungu, na ni vyema uyajue.

Baada ya moyo kusimama, damu huteremka upande wa chini wa mwili kama maji ndani ya kiriba. Aliyelazwa chali huwa na madoa ya zambarau mgongoni na nyuma ya mapaja. Madoa hayo huanza kuonekana katika saa ya kwanza au ya pili. Si alama za kipigo. Daktari huyatofautisha kwa kuikata ngozi. Damu ya jeraha huwa imeingia ndani ya nyama na haioshiki. Vile vile, maji mekundu yanayotoka puani na mdomoni, au tumbo lililofura na kugeuka kijani, mara nyingi huwa ni kuoza tu. Katika joto letu hayo huweza kuonekana kabla siku moja haijapita.

Lakini madoa hayo hayo yanaweza kufichua uongo. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi hayahami tena. Ikiwa ripoti inasema mtu alikutwa amelala chali na madoa yako kifuani na tumboni, basi kuna aliyemgeuza au kumhamisha. Mwili kukakamaa nako huanza saa chache baada ya kifo, kisha hulegea baadaye, na joto huharakisha mambo yote mawili. Daktari aliyefika mapema anaweza kukadiria saa ya kifo na kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha OB.

Wakisema alijinyonga, daktari hutazama alama ya shingoni. Kamba au kitambaa kilichobeba uzito wa mwili kwa kawaida huacha alama inayopanda kuelekea nyuma ya sikio au kisogoni. Mtu aliyekabwa na mwenzake kwa kamba mara nyingi huwa na alama iliyolala sawasawa kuzunguka shingo. Aliyekabwa kwa mikono huweza kuwa na alama za vidole na kucha, na damu ndani ya misuli ya shingo. Hakuna alama moja inayomaliza ubishi, ndiyo maana shingo hufunguliwa tabaka kwa tabaka. Daktari pia huuliza kitambaa chenyewe kiko wapi na kilifungwa wapi. Kama hakikuhifadhiwa, hilo nalo huandikwa.

Wakisema alianguka, hutazama majeraha yalipo. Anayeanguka huumia zaidi sehemu zilizochomoza: paji la uso, pua, kiwiko, goti. Michubuko nyuma ya mikono, chini ya kiwiko, huonyesha kwamba mtu aliinua mikono kujikinga. Nyayo za miguu zikipigwa, ngozi ngumu ya chini inaweza isionyeshe kitu. Ni lazima ikatwe ndipo damu iliyovilia ionekane. Mgongo na mapaja pia hupasuliwa. Uchunguzi ulioishia kifuani na tumboni ni uchunguzi nusu.

Mwisho, daktari huchukua damu, mkojo, maji ya jicho na vipande vya ini na figo ili vipelekwe kwa Mkemia wa Serikali kutafutwa pombe, dawa au sumu. Hapo ndipo maelezo kama "alikunywa kitu" yanapothibitishwa au kutupwa.

Adui watatu wa ukweli

Katika Turkana uchunguzi kama huo una adui watatu.

Wa kwanza ni joto. Maiti isiyowekwa kwenye jokofu huharibika haraka, na ngozi inapobanduka, michubuko ya juu hupotea nayo.

Wa pili ni umbali. Kakuma iko karibu kilomita 120 kutoka Lodwar. Lodwar nayo iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Eldoret, na karibu 700 kutoka Nairobi. Madaktari waliosomea kuchunguza maiti ni wachache nchini, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Familia ya mfugaji aliye Kibish au Lokitaung inaweza kupata habari baada ya siku mbili, kisha ikatafuta gari. Ikifika, inaambiwa maiti imekaa sana.

Wa tatu ni dawa ya kuhifadhia maiti. Mochari nyingi, hasa zisizo na majokofu ya kutegemewa, humdunga maiti formalini mara tu anapofika. Dawa hiyo huzuia kuoza, lakini huvuruga upimaji wa sumu na pombe. Wanaoidunga hawana nia mbaya, ila ushahidi huwa umeondoka. Kwa hivyo neno la kwanza la familia kwa mhudumu wa mochari liwe hili: msimtie dawa kabla hajachunguzwa, mwekeni kwenye baridi.

Kuna pia haraka ya kuzika. Wengi wetu hatupendi marehemu akae, na kwa Waislamu walio Lodwar na katika kambi ya Kakuma kuzika mapema ni sehemu ya ibada. Zungumza na sheikh, mchungaji au wazee mapema. Kusubiri uchunguzi hakumwondolei marehemu heshima yake. Ikiwa tayari amezikwa, mahakama inaweza kuamuru afukuliwe, na mifupa hutunza alama za kuvunjika kwa miaka mingi. Lakini michubuko ya ngozi na misuli huwa imekwenda.

Ufanye nini

Ukipata habari kwamba mtu wenu amefia seli, fanya hivi:

Kwanza, chagueni mtu mmoja wa kusemea familia, anayejua kusoma na asiyetetemeka mbele ya afisa. Aende na mwenzake, asiende peke yake.

Pili, aulize kituoni na aandike: alikamatwa saa ngapi, na nani, kwa kosa gani, alionekana hai mara ya mwisho saa ngapi, na nani walikuwa naye seli. Majina ya waliokuwa naye ni ya thamani, kwa sababu kesho watakuwa wametawanyika.

Tatu, aione maiti mapema na kuipiga picha, mwili mzima na kila alama kwa karibu, rula au sarafu ikiwa kando yake kuonyesha ukubwa. Nguo zisifuliwe wala kuchomwa. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huzifanya zioze.

Nne, familia iombe kwa maandishi kwamba daktari wake awepo wakati wa kupasua maiti. Shirika la IMLU limekuwa likisaidia jamaa kupata madaktari huru. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pia hupokea malalamiko, na ina ofisi Kitale.

Tano, pigieni IPOA simu. Nambari yake ya bure ni 1559. Sheria ya mwaka wa 2011 iliyoiunda inaitaka ichunguze vifo vinavyotokea mtu akiwa mikononi mwa polisi. Msingoje kituo kijiripoti chenyewe.

Sita, dai uchunguzi wa hakimu. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, vifungu 386 na 387, inahusu vifo vya namna hii, na aliyekufa akiwa mikononi mwa polisi ametajwa humo. Mwaka wa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi ya mchunguzi huru wa vifo, lakini Ojwang alipofariki miaka minane baadaye ofisi hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Mwaka huo huo wa 2017 ilipitishwa sheria ya kuzuia mateso, ambayo adhabu yake ni hadi miaka 25 jela, na kifungo cha maisha ikiwa aliyeteswa amekufa.

Saba, usitie sahihi au kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta mtu akusomee kwa Kiswahili au Kiturkana, au kwa lugha yako ikiwa wewe ni mkimbizi.

Kuhusu wakimbizi, wako wanaodhani kwamba kwa kuwa si raia hawana la kudai. Hilo si kweli. Katiba ya 2010 inampa haki ya kuishi kila mtu, na haki za aliyekamatwa ni za mtu yeyote aliyekamatwa. Mama wa Sudan Kusini au Somalia aliyefiwa Kakuma ana haki ya uchunguzi sawa na mama wa Lodwar.

Neno kwa wenye makoti meupe

Maafisa wa kliniki na wauguzi wa vituo vidogo ndio mara nyingi huletewa mtu kutoka seli akiwa hoi, askari akiwa amesimama mlangoni. Si kazi rahisi. Lakini wakumbuke kisa cha Steve Biko wa Afrika Kusini.

Biko alikamatwa Agosti 1977. Alipata jeraha la ubongo akiwa mikononi mwa polisi, mapema Septemba. Madaktari wawili, Benjamin Tucker na Ivor Lang, walimwona, lakini hawakusimama imara dhidi ya matakwa ya polisi. Septemba 11 alilazwa uchi nyuma ya gari na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Alikufa kesho yake. Waziri aliwaambia watu kwamba alikuwa amegoma kula. Uchunguzi wa maiti ulionyesha jeraha la ubongo. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka huo haukumlaumu mtu, lakini madaktari wenzao hawakunyamaza, na mwaka wa 1985 Tucker alifutwa kwenye orodha ya madaktari.

Mwandikie mgonjwa kile ulichokiona. Ukiona michubuko, ichore na uipime. Ukiona hawezi kusafiri, sema hawezi kusafiri, na uandike saa uliyosema. Karatasi yako inaweza kuwa shahidi pekee atakayebaki.

Kuzuia ni bora

Kama kwa ugonjwa wowote, kinga ni rahisi kuliko tiba. Ndugu yako akikamatwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama una hasira naye. Mpelekee maji na chakula. Ikiwa ana kifafa, kisukari, pumu, virusi au anatumia dawa za kifua kikuu, mwambie mkuu wa kituo jina la ugonjwa, mpe dawa na kadi ya hospitali, na uombe iandikwe kwenye OB. Ikiwa aliumia kichwa kabla ya kukamatwa, sema. Ikiwa ni mlevi wa kila siku, sema pia, bila kuona haya. Omba umwone kwa macho yako na umsikie akizungumza. Rudi asubuhi, na urudi tena jioni.

Askari anayejua kwamba kuna mtu atakayerudi jioni huchunga zaidi. Askari mwema naye hupata faida: mfungwa akiugua, ipo rekodi kwamba aliambiwa na kwamba alimpeleka hospitalini. Na ikitokea mabaya, familia haitaanza na uvumi wa sokoni. Itaanza na saa, majina na maandishi, na daktari atapata mahali pa kuanzia.